Mushipa wa Mudogo Wangu

Mimi ni mtu wa nyumbani, Nyamitaba yote inajua. Niliomaliza nao sekondari walikimbilia Goma, wengine machimbo ya Walikale. Mimi nilifika mpaka kwenye zizi la ng'ombe wa mama, nyuma ya jikoni, nikaona safari inatosha. Kwa maziwa yao natengeneza fromaji, yaani jibini. Nilikuwa pia na cheo kimoja: mama hasikii vizuri kwenye simu, kwa hiyo simu yake naipokea mimi, halafu namweleza. Cheo hicho nilikipenda kuliko diploma yangu.

Mudogo wangu aliacha shule mapema, akaenda kuchimba dhahabu upande wa Ntoto. Kila jioni mama alimtaja kwanza kwenye sala. Mimi niliyemkamulia ng'ombe asubuhi ile ile nilikuja mwishoni, pamoja na wagonjwa.

Siku moja akapiga. Mtandao ulikuwa wa kusitasita, lakini hili nililisikia vizuri:

"Kaka, ambia Mama nilipata mushipa. Iko mukubwa sana. Aombe usikatike."

Sasa, kwetu mushipa ni mambo mawili. Kwa wachimbaji ni ule mstari wa jiwe jeupe unaopita ndani ya mwamba na kubeba dhahabu. Kwa mama na wenzake wa kikundi cha maombi ni uvimbe wa kinena, ugonjwa wa wanaume wanaobeba mizigo mizito. Mimi nilijua kabisa ni upi. Mama akauliza anasema nini. Nikaiona furaha itakayompanda usoni, nikakumbuka fromaji yangu ambayo hakuna aliyewahi kuiombea.

"Anasema alipata mushipa."

Sikuongeza neno. Mama akashika kifua, akauliza kama ni mkubwa. Nikamwambia ni mkubwa sana. Unaona, sikudanganya popote.

Majuma matatu wamama waliomba mushipa ule uishe. Walifunga. Na mimi nilifunga, angalau mpaka saa sita, kwa aibu na kwa sababu hakuna aliyepika.

Halafu akarudi, gunia begani. Wamama wawili waliokuwa uani walimrukia wakamnyang'anya mzigo; mmoja akamkalisha kwa uangalifu kama yai, mwingine akatoa chupa ya dawa ya mizizi. Mudogo akaniangalia. Mimi nikaangalia ng'ombe.

"Mushipa iko namna gani?" mama akamuuliza kwa upole.

"Ulikatika, Mama. Tulichimba, tukafika mahali haiko tena."

Mama akapiga vigelegele. Mudogo akamtazama kama mtu aliyekosea nyumba.

Ikabidi aeleze, na akaeleza kwa fromaji yangu, ikiwa bado kwenye kitambaa chake chini ya ubao. Hata hakuomba ruhusa. Maneno aliyapata kwa jeologe mmoja, mtaalamu wa miamba, aliyepita machimboni, ambaye yeye alimbebea mfuko. Zamani sana, alisema, matope yalizikwa chini kabisa, yakabanwa na kupikwa mpaka yakageuka mwamba mwingine. Akagandamiza ubao, maji yakachuruzika kwenye kitambaa. Mwamba nao hutoa maji hivyo, ila ya moto mno, yamebeba jiwe lililoyeyuka, pamoja na dhahabu kidogo iliyoshikana na kiberiti, yaani salfa. Yanasukuma mpaka mwamba unapasuka, yanapanda kwenye ufa, nguvu yake inashuka ghafla, na jiwe jeupe linaganda pale na kuziba njia. Halafu yanasukuma tena. Chuma cha mwamba kikinyang'anya maji kiberiti chake, dhahabu inakosa wa kuibeba, inabaki. Baadaye milima inainuliwa, mvua inaikwangua miaka isiyohesabika, hadi kilichokuwa chini kinafikiwa na sururu.

Wamama walimsikiliza midomo wazi. Mimi nikisema kitu nyumbani, watu wanaanza kuchambua maharagwe.

"Jiwe nyeupe, safi, mara mingi haiko na kitu," akamalizia, macho kwangu. "Ilipasuka mara moja, ikaganda, ikakaa. Kama kaka."

Walicheka. Mama hakucheka.

"Kumbe mushipa njo ile jiwe?"

"Njo ile, Mama."

"Na sisi tuliomba uishe."

Mudogo akasema mishipa hukatika yenyewe, milima ilikunjwa-kunjwa ikaikata, si kosa la maombi ya mtu. Lakini gunia lake lilikuwa na nguo tu, na kipande kimoja cha jiwe jeupe chenye mistari ya kutu. Mama akanigeukia.

"Wewe ulisoma. Ulijua?"

Ningeweza kuusingizia mtandao.

"Nilijua, Mama."

Hakunigombeza. Alichukua lile jiwe, akaliweka juu ya ubao wa fromaji yangu, na mpaka leo ndilo linaloikandamiza. Linafanya kazi vizuri, na hilo ndilo linaloniuma.

Kabla ya kurudi Ntoto, mudogo alimwonyesha mama kitufe cha sauti ya nje kwenye simu. Kitufe hicho nilikijua tangu siku ya kwanza, sikuwahi kumwonyesha. Sasa simu ikilia, mama ananipa niipokee kama zamani. Ila kwanza anakibonyeza, anasogeza kiti, na kutega sikio.

"Kaka, ambia Mama..."

"Mama iko hapa," nasema.