Gari la Kijivu la Sesto

Mtu asiyewaamini hata kuku wake akikwambia anakwenda likizo, jiulize mara mbili. Mimi nilijiuliza mara kumi. Nina baa hapa kijijini, juu ya bonde la Tiber, mwaka wa ishirini na tisa huu, na kwa muda wote huo Sesto Cardinali hajawahi kuniambia hata alikotoka asubuhi. Ukimsalimu, anatazama nyuma kwanza.

Ndivyo kazi yake ilivyomfanya. Anatafuta tartufo, ule uyoga wa chini ya ardhi ambao mbwa tu ndiye anayeunusa. Kwetu mtafutaji hasemi mahali pake kwa mtu: si rafiki, si padri, si mke. Wengi wanakufa napo. Na kwa kuwa kila mtu analijua gari la mwenzake, mwenye akili huliacha mbali akatembea, ili wambea wasijue ameingia msitu upi.

Basi Jumatatu moja ya Septemba, msimu ukiwa bado haujafunguliwa, Sesto aliingia na ramani ya karatasi ndani ya koti.

"Fausta, wewe una kompyuta. Nitafutie nyumba ya kupanga huko mashambani, wiki moja. Mimi na Argia. Na gari la kukodi."

"La kukodi la nini, na wewe gari unalo?"

"La kijivu," akasema, utadhani sijauliza kitu. "Lisiwe na maandishi ubavuni."

Gualtiero alikuwa anacheza karata dirishani. Naye ni mtafutaji, na ameufuata mkia wa Sesto miaka thelathini bila kupata kitu.

"Makubwa haya! Likizo!" akapiga meza. "Sesto, wewe si hata fungate ulimpeleka Argia kwenye mazishi ya mjomba wako?"

"Na wewe ulikuwepo. Ulikula kuliko wafiwa wote."

Nilimwonyesha nyumba yenye bwawa la kuogelea. Hakuitaka. Nilimwonyesha ya kando ya ziwa, ina baraza na mizabibu. Hakuitaka. Alikuwa anapima ramani kwa kidole gumba, akiisogeza karibu na pua, na mwisho akachagua nyumba iliyo nyuma ya vilima vyetu hivihivi, mwendo wa nusu saa. Nani anakwenda likizo nusu saa kutoka kitandani kwake? Nikaona hapa pana jambo.

Kisha kompyuta ikauliza jina la dereva.

"Andika Argia," akasema kwa sauti ya chini.

Mkono wangu ulisimama. Miaka arobaini na sita ya ndoa, na Sesto hajawahi kukaa kwenye gari huku mkewe akiendesha. Nikamuuliza dereva wa pili ni nani. Akasema hakuna wa pili.

Siwezi kukaa na jambo kama hilo kifuani. Mchana huohuo nilikwenda kwa Argia, maana ndiye angeumia. Huyu mwanamke ameomba likizo tangu tukiwa wasichana. Kila siku, saa sita na nusu, chakula cha mumewe kiko mezani, hata siku yake mwenyewe ya kuzaliwa.

"Wiki moja kwenye meza ya mtu mwingine, Fausta," aliniambia huku akikunja nguo. "Nikae, niletewe. Sitaki kingine. Lakini nimeshamshtukia. Kama ananipeleka kuchungulia uyoga wake, namwacha hukohuko porini, gari naondoka nalo. Nakwenda kwa dada yangu kule Terni na sirudi."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Kwenye sanduku lake, Septemba na joto lake lote, nililiona koti la baridi.

Waliondoka Jumamosi, Argia kwenye usukani. Mbwa wao, Birba, waliniachia mimi, na hilo ndilo lililotuchanganya kabisa. Tartufo bila mbwa?

"Danganya toto," Gualtiero akasema. "Kaazima mwingine. Mimi huyo simwachii." Jumapili alizunguka mabonde na pikipiki akitafuta gari la kijivu. Alilipata, akalifuata saa nzima, akaishia makaburini na mzee mmoja na mkewe wa Kijerumani waliokuwa wanapiga picha. Nilimtania wiki nzima, ingawa ukweli ni kwamba mafuta ya pikipiki tulichangia pamoja.

Walirudi Jumamosi iliyofuata. Argia alikuja kumchukua mbwa, akaketi, akanisimulia mwenyewe.

Asubuhi ya kwanza tu Sesto alimwambia akate kona kwenye njia ya vumbi, asimame kando ya mtaro. Argia alizima gari, akafutika ufunguo kifuani. Alisema moyo ulimuuma kweli, kwa sababu njiani alikuwa ameanza kuamini. Sesto akashuka, akaenda kwenye mialoni akiipapasa mmoja mmoja, na akajikwaa kwenye mzizi mnene ambao hata mtoto angeuona.

"Argia," akasema, amempa mgongo. "Nikikutazama usoni sikuoni. Naona pembeni tu. Daktari kasema hairudi tena. Mahali pangu ni saba, na siku tulizo nazo ni saba. Nilitaka gari lisilojulikana, nikuonyeshe mahali pamoja kila siku. Mtoto hatuna. Nisipokupa wewe, nakufa napo."

Argia akamuuliza:

"Pa kesho ni wapi? Pale kwenye udongo mweupe, chini ya daraja?"

Sesto akageuka kama aliyechomwa.

"Nani kakwambia? Gualtiero?"

"Gualtiero ajue nini, masikini! Kesho ni daraja. Halafu kuna pale pa udongo mwekundu kwenye kinu cha maji. Halafu pale penye tope jeusi lisilotoka mpaka uloweke siku mbili, ni kwenye mierebi ya mto. Nikuendelezee?"

"Umenifuata?"

"Nikufuate na chakula apike nani? Sesto, suruali zako nimezifua miaka arobaini na sita."

Sesto akakaa chini palepale, kwenye majani yenye umande.

"Na hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Nilikuwa nakungoja wewe uniambie."

Mimi nililia, na sioni haya kusema. Nikamuuliza siku zilizobaki walifanya nini.

"Tulikaa," Argia akasema. "Nikaletewa. Yeye alikuwa ananiuliza kwenye sahani kuna nini, nami namwambia."

Ufunguo aliutoa kifuani siku ileile, na kwa dada yake hakwenda. Jioni Gualtiero alimkabili Sesto mlangoni pangu na kumuuliza walikuwa wapi. Sesto, mtu ambaye hajawahi kukubali kwamba mwingine anajua kitu, alimwonyesha Argia kwa kidevu na kusema, "Muulize dereva." Argia akamaliza kahawa yake na kusema walikula vizuri.

Sasa msimu umefunguliwa. Argia anatoka alfajiri na Birba, na Sesto amemshika mkono. Gualtiero anazidi kukonda. Mimi nilikaa na lile jambo la suruali, na shetani akaninong'oneza. Jumatatu, ambayo ni siku ya Argia ya kufua, nilipita nyuma ya nyumba yao kabla hajaanza, nikijifanya natafuta paka, nitupe jicho kwenye beseni. Kama zamani, beseni lilikuwa uani. Lakini lilikuwa limefunikwa kwa ubao, na juu ya ubao Argia ameweka jiwe.

"Paka hayupo, Fausta," akaniambia kutoka dirishani.