Mpangaji Aliyekopesha Jina

Jumamosi walimshusha kwa ngazi, kafunikwa shuka, maana lifti ya jengo lao pale College Park, huku ughaibuni, ilikuwa imeharibika tena. Mkewe nyuma, kashika viatu vya mumewe mkononi. Ni yule dereva wa basi la wazee niliyewahi kuwasimulia, mtu wa Moshi, mcheshi. Moyo ulimsimama. Alichotaka miaka yote ni mlango wake mwenyewe, ambao hakuna mwenye nyumba wa kuja kuugonga. Hakuupata, na waliomnyima nawajua.

Turudi nyuma. Sisi watu wa hapa mwenye makaratasi humsaidia asiyenayo. Kaka wa mkewe alitaka nyumba Rockville, benki hazimtaki. "Shem, nikopeshe jina tu. Jina haliliki!" Nilikuwepo, nakula pilau yao. Dalali wa mikopo, Mswahili mwenzetu na tai yake, akasukuma fomu: "Andika utakaa wewe mwenyewe. Wote wanafanya hivyo, mzee, usiwe mshamba." Akaandika. Shemeji akahamia, hati na mkopo vikabaki kwa jina la marehemu.

Miaka ikapita, marehemu naye akapata kinyumba cha kununua, kina ua wa kupanda mchicha. Siku ya kutia saini, mama wa ofisini akatazama kompyuta: wewe si mnunuzi wa mara ya kwanza, nafuu ya kodi ya serikali ya kununua nyumba huipati, una nyumba Rockville.

"Ile si yangu."

"Kwa hiyo ulidanganya benki?"

Akarudisha kalamu mezani. Kodi nzima hakuwa nayo, nyumba ikaenda kwa mwingine. Akampigia shemeji, amwondolee jina. "Subiri bei ipande kidogo, Shem."

Mimi nimeishia darasa la nne, lakini naona. Kodi inayomsaka mwenye majumba imemkuta mtu anayelala chumba kimoja na wanawe. Tajiri ana kampuni ya kujificha. Sisi tunajificha ndani ya ndugu zetu, halafu tunawaacha nje.

Juzi matangani shemeji kasimama, eti, "Alikuwa nguzo yetu." Watu wakasema amina. Mimi sikusema. Dalali naye kahamia Manassas, kafungua ofisi nyingine, anaandikisha wengine.

Sasa nawauliza nyinyi wawili, mchana kweupe: benki ikija kumtafuta mwenye ile hati, atasimama nani? Mjane? Wewe shemeji, huyo ni dada yako wa tumbo moja. Matanga hayajaanuliwa. Njoo ujibu mbele ya watu, na huyo dalali wako uje naye.