Tenga la Kuku na Ramani ya Wajukuu

Tulikuwepo wanne. Mimi; mjukuu wangu wa kike, mtoto wa mwanangu wa kwanza, ninayeishi naye hapa Kanazi; mjukuu wa kiume, mtoto wa binti yangu marehemu, aliyetoka kwa baba yake, Msukuma aishiye Nyarubungo; na jirani, mke wa marehemu shemeji yangu, aliyekuja kuomba moto akakaa. Majina yao ninayo yote, mpaka ya ubatizo, ila wameniomba nisiyaandike.

Kijana hakuwa amekanyaga kwangu tangu tulipomzika mama yake. Nilitaka akae wiki. Yeye kasema analala siku moja. Nilishinda naanika maharage, miguu inawaka, lakini nikakaa nao mkekani ili nimwone tu.

Walikuwa na mchezo wa hadithi. Mmoja anasimulia, mwenzake anakuwa mtu wa kwenye hadithi, anatembea juu ya ramani. Ramani wataichora kwenye shuka langu jeupe. Shuka ni moja, na wino haufutiki. Basi ubishi: vijumba vya ramani, vile vya kuhesabia hatua, viwe vya pembe nne au sita?

"Nne," msichana akasema. "Hadithi ni ya ndani ya nyumba. Chumba utakiweka wapi kwenye pembe sita?"

"Na mtu akikata kona?" kijana akauliza. "Unamhesabia hatua moja, kumbe kaenda mbali. Wizi huo! Kwenye pembe sita majirani wote wako umbali mmoja."

"Ninyi Wasukuma mkiona nyumba mnaona zizi."

"Na ninyi wa Kanazi mkiona pori mnaona migomba." Hakucheka. "Chora unavyotaka. Mimi kesho asubuhi naondoka."

"Mke mwenza anakufukuzia mume," jirani akaniambia, utani wa bibi na wajukuu. Hata kucheka sikuweza.

"Mume wangu," nikamwambia kijana, "basi niingizie kuku."

Akarudi na tenga tupu, kuku wanamfuata nyuma. Akasimama mlangoni akiligeuzageuza.

"Bibi, matundu haya yana pembe sita."

"Ndivyo yanavyosukwa. Hilo alisuka mama yako kabla hajaolewa."

Msichana akalichukua tenga, akalilaza ubavu juu ya shuka, akampa kalamu.

"Haya, fuatisha matundu. Kuta za vyumba zikikata kijumba katikati, nusu tutaihesabu nzima."

Tenga ni la mviringo, kwa hiyo unachora matundu machache, unalisogeza, unachora tena. Kazi haikuisha siku hiyo, wala iliyofuata. Wiki ikapita hivyo. Kuku, kwa kukosa tenga la kuwafunika, walilala jikoni ninakolala, pembeni ya kitanda changu, wakaniamsha kila alfajiri.

Alipoondoka nilimpa tenga. Kuku sasa nawafunika kwa beseni.

Jirani anakana yale maneno ya mke mwenza. Labda. Kama kuna nilipokosea, njoo unisahihishe, ila unikute nimekaa, kusimama kunanichosha.