Maneno ya Nyanya na Printa ya Sindano Ishirini na Nne

Kabla hamjanionea huruma, nikiri kwanza: aliyesema "hamna kitu" ni mimi. Sikusukumwa, sikudanganywa, wala sikuwa na homa. Niliulizwa swali kwa Kiswahili safi, nikiwa na miaka kumi na minne na akili zangu timamu kwa kadiri zilivyokuwepo, nikajibu kwa maneno mawili. Maneno mawili hayo yakameza maneno yote ya nyanyangu.

Sikuwa na nia ya kuyasimulia haya. Mimi mtu wa ndani. Nilimaliza kidato cha nne nikarudi nyumbani, na nyumbani ndipo nilipo. Hata kuvuka daraja la Nyali kwangu ni safari ya kuagana na watu. Lakini wiki iliyopita nilikwenda kumchukulia mamangu dawa, na nyuma ya kidirisha cha kliniki nikasikia sauti ile: ziii-krr, ziii-krr, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo la maziwa. Nikainua shingo. Ilikuwa printa ya zamani, ile ya utepe, inapiga chapa karatasi za wagonjwa. Harufu ya wino uliopata moto ikanifikia. Na mimi, mtu mzima na buibui langu na kikapu changu, nikaanza kulia mbele ya watu wenye maradhi ya kweli. Karani akaniuliza kama nataka kutapika.

Printa yetu ililetwa na Mjomba Athumani, kakake mamangu, katikati ya miaka ya tisini. Ofisi yake ya kupitisha mizigo bandarini ilikuwa imenunua mashine mpya, zile kuukuu wakagawiwa wafanyakazi. Tulikaa Mji wa Kale, ghorofa ya pili, na ngazi zetu za mbao zilisimama wima kama zimekasirishwa. Kompyuta na printa yake zikapandishwa kama bibi harusi, kwa uangalifu na makelele, zikawekwa chumbani kwa Nyanya, kwa kuwa ndicho chumba pekee chenye soketi isiyorusha cheche. Nyanya akazifunika kwa leso isishike vumbi mashine ya watu. Aliyetaka kuitumia ilimbidi aifunue kwanza.

"Na useme hodi," aliniambia Nyanya. "Huwezi kumfunua mtu hivi hivi."

Nyanya alikuwa mtungaji wa majina ya leso. Kwetu leso haiendi bila jina, ule mstari wa maneno ulioandikwa chini ya nakshi, na mwanamke hulisoma jina kabla hajaitazama rangi. Akiwa na la kumwambia jirani, hafungui mdomo. Hujifunga leso akapita. Wanawake waliokosana na mawifi na wake wenza walipanda ngazi zetu kuja kumwomba Nyanya maneno, naye alikuwa akiwapa hapo hapo, huku anachambua mchele. "Mlango nimekufungulia, usinihesabie vyumba." "Ukinisema sema yote, nusu yanitia njaa." "Kicheko changu si ruhusa yako." Waliteremka wakicheka, na wakifika chini washasahau nusu.

Lakini hakuna hata moja lililowahi kufika kwenye kitambaa. Nyanya alisoma msahafu vizuri, ila kalamu hakuishika maishani, na yote aliyoyatunga aliyaweka kichwani. Mwaka ule akashikwa na haja moja: aone jina lake moja kwenye leso angali hai, ajifunge, ateremke ngazi, apite nayo madukani. Akenda Biashara Street kwa mwenye duka aliyemuuzia leso tangu ujana wao. Yule bwana akamsikiliza, akacheka mpaka akavua miwani.

"Mama, haya matamu," akamwambia. "Lakini mimi ntayakumbukaje? Niletee kwenye karatasi, nichague moja, nipeleke kiwandani."

Ndipo nilipoitwa mimi. Kalamu ilikuwepo nyumbani. Daftari lilikuwepo. Hati yangu shuleni ilisifiwa. Ningeyaandika kwa mkono siku moja, na kesho yake Nyanya angekuwa dukani. Lakini kompyuta ilikuwepo, nami nilitaka kuringa nayo.

Kwa siku sita, kila baada ya alasiri, Nyanya aliketi kitandani amenyoosha miguu, ananukia asumini na mafuta ya karafuu, akanitajia majina, nami nikayachapa kwa vidole viwili. Yakafika arobaini na matatu. Mjomba alikataza tusijaze mashine kwa kuwa bado ilikuwa na mafaili ya ofisi, nayo tusiyaguse, hivyo niliyahifadhi kwenye disketi moja ya buluu, disketi pekee tuliyokuwa nayo. Jina alilolipenda kuliko yote, lile aliloniambia, "Hili ndilo la kunifunika mimi," lilikuwa la kumi na tisa. Lilianza na "Kaa nami" na likaishia na "chumvi." Mtanisamehe, kuna sababu ya kuwapa vipande.

Nikapiga chapa. Printa ikapiga kelele, karatasi ikatoka. Herufi zilikuwa za kijivu, vidoti vidoti, kama sisimizi waliopanga mstari wakasahau wanakokwenda. Tumbo la a lilikuwa wazi. Nyanya akaishika karatasi kama anavyoshika kitu kilichotoka Makka, akapitisha kidole.

"Ndiyo haya?"

"Ndiyo."

"Mashaallah. Ngoja nivae buibui twende."

"Bado, Nyanya. Yana matundu."

"Matundu?" Akaiinua dirishani, akachungulia. "Mbona jua halipiti?"

Basi nikaanza ufundi wangu. Niligundua mashine ilikuwa imewekwa kupiga haraka kwa ubora wa chini. Nikaiweka kwenye ubora wa juu, ikawa inapita kila mstari mara mbili, na maandishi yakakolea kidogo. Hayakunitosha. Nikasogeza kile kijiti cha kukaza karatasi, karatasi ikararuka. Mtu shuleni akaniambia utepe uliokauka hulainishwa kwa mafuta ya cherehani. Nikaupaka, na majina arobaini na matatu yakatoka yakiogelea. Kila jaribio lilikuwa kurasa tatu, na kila jaribio Nyanya alikuwa akisikia ile sauti anasimama, anatoa buibui kwenye msumari.

"Tayari?"

"Bado, Nyanya."

Analirudisha.

Kurasa mbovu nilimpelekea Mama Shufaa, jirani yetu wa chini, aliyekuwa akikaanga viazi vya karai mlangoni pake kila jioni na kufungia karatasi yoyote iliyomfikia. Mitihani yangu ya hesabu ilishasambaa mtaa mzima ikiwa na ukwaju; nilikuwa na mazoea ya kumtegemea kwa mambo ya kuficha.

Baada ya wiki tatu nikampelekea karatasi moja ya majaribio, isiyo na majina, fundi wa kompyuta, kijana aliyekuwa na kiofisi darini Digo Road. Akaitazama akacheka, si kwa ubaya.

"Printa yako ina sindano ngapi?"

Sikujua hata kama ina sindano. Akanieleza kwamba ndani ya kichwa chake mna visindano vinavyoupiga utepe, na aina ile niliyomtajia ina ishirini na nne. "Lakini kompyuta yako yadhani ina tisa. Waliiwekea draiva ya printa nyingine. Draiva ndiyo inayoifundisha kompyuta namna ya kuiambia printa. Sasa yaiambia mambo nusu, nayo yafanya nusu. Nletee disketi nikutilie yake."

Kesho yake nikampelekea ile ya buluu. Akaishika, akaniuliza, "Mna kitu humu? Maana naifuta kwanza."

Nikasema, "Hamna kitu."

Niwaeleze mantiki yangu, maana nilikuwa nayo. Asubuhi ile nilikuwa nimeyafungua majina yale, nikayaona kwa macho yangu kwenye kioo cha kompyuta. Kwa hiyo yamo ndani ya kompyuta. Yangewezaje kuwa kwenye kioo kama hayamo ndani? Fundi akaiingiza disketi, ikanguruma, kiti chake kikalia kwi, naye akaniuliza kama nasoma shule gani. Tukazungumza huku yanafutika.

Nikarudi mbio. Nikaiweka draiva kama nilivyofundishwa, nikachagua ubora wa juu kabisa, nikatoa karatasi ya majaribio. Jamani. Herufi nyeusi, zimejaa, mviringo wa o umefunga kama bangili. Nikapiga kelele ya furaha. Nyuma yangu nikasikia msumari ukilia: Nyanya alishatoa buibui.

Nikayatafuta majina niyapige upya: nikafungua kila mahali, hayamo. Nikafungua mafaili ya ofisi ya Mjomba tuliyokatazwa. Nilipogeuka, Nyanya alikuwa ameketi kwenye ngazi ya juu, amevaa na viatu, mkoba mapajani, ananisubiri.

"Nyanya, yamefutika."

Akacheka, akajigonga paji la uso. "Yafutike yende wapi? Si yamo humu? Kesho baada ya alasiri tukae, nikupe upya, na mengine juu." Akavua viatu, akalirudisha buibui lake mahali pake.

Kesho yake asubuhi, akinywa chai, kikombe kilimwanguka. Mama alidhani kimemteleza. Upande wake wa kulia ulikuwa umelala, na mdomo wake, mdomo ule, ulitoa sauti moja tu: "Ba." Ilikuwa kiharusi. Hospitali walitwambia huenda maneno yakarudi.

Hayakurudi. Habari ya disketi sikumwambia mtu. Nilishuka kwa Mama Shufaa, nikamkuta amezungukwa na wateja, nikamuuliza kama zile karatasi zangu zimebaki. "Mwanangu," akasema, anageuza viazi, "ushaona wapi karatasi ya viazi ikarudi?" Watu wakacheka. Sikumwambia nazitakia nini. Wala sikumuuliza kama aliwahi kuzisoma. Nani angejisumbua na maandishi yale?

Nikakaa na kumbukumbu zangu. Nikapata majina kumi na moja. La kumi na mbili nililitaka liwe lile lake. Kila baada ya alasiri niliketi karibu na kitanda chake, naye akaning'ang'ania kwa macho, nami nikabahatisha. "Nyanya, ni 'Kaa nami mwaka ndipo uijue chumvi'?" Akatikisa kichwa, hapana. "'Kaa nami ule, usiulize chumvi'?" Hapana. Alifungua mdomo, akakusanya nguvu zake zote mpaka mshipa wa shingo ukasimama, ikatoka "ba." Machozi yakamtoka jicho moja, lile zima. Siku moja nilibahatisha mara ya ishirini au zaidi, sauti yangu imeanza kukatika. Akanitazama sana. Kisha akainamisha kichwa: ndiyo, ndilo hilo. Nami nikajua ananidanganya, kwa kuwa ameniona nimechoka.

Mngedhani basi ningeyapeleka dukani yale kumi na moja, yamepigwa chapa nyeusi tii, kwa sindano zote ishirini na nne. Sikuyapeleka. Nilisema bado, moja halijatimia. Nyanya akafariki mwezi mmoja kabla ya Ramadhani, buibui lake liko pale pale kwenye msumari.

Kwa miaka mingi niliamini kosa langu ni disketi. Disketi ni kosa la dakika moja, na mtoto husamehewa la dakika moja. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoanza kuzihesabu zile safari za buibui. Mzee wa watu, na magoti yake, alikuwa tayari kutoka na karatasi ya kwanza. Alijua muda wake kuliko mimi. Mimi nilikuwa namsimamisha mlangoni kwa ajili ya tumbo la herufi a, nikidhani namheshimu, na aibu ya maandishi mabovu ilikuwa yangu, si yake.

Lakini hata hayo nilikuwa nimeshaambiwa zamani, sikusikia tu. Siku ya tatu ya msiba, wanawake walikuwa jikoni kwetu wakitayarisha pilau ya hitima, na Mama Shufaa anamenya vitunguu. Nikashindwa kuzuia, nikayatoa yote mbele yake: disketi, fundi, "hamna kitu," na jinsi zile chapa za mwanzo zilivyokuwa mbovu, hazifai, na laiti draiva ile ningeipata mapema. Hakuacha kumenya. Aliningojea nimalize, akafuta jicho kwa kiwiko, akasema:

"Rukia, karatasi ulizokuwa waniletea nlizisoma zote, na mato yangu haya ya moshi, kabla sijafungia viazi, nikateka kicheko peke yangu pale mlangoni. Ungeniuliza siku ile ningekutajia. Sasa hata mimi yashanitoka."