Nyumba Tuliyoipaka Rangi Bila Kuuliza

Siku yangu ya kwanza ya kazi ya kujitolea nilipewa brashi ya inchi nne, ndoo ya rangi ya bluu na fulana yenye jina la kanisa. Daftari langu linasema ilikuwa Jumatatu, kiangazi cha 2014. Tulitoka Louisville kwa basi la kanisa, mwendo wa siku nzima, hadi kwenye rizavesheni moja kusini ya Buffalo. Rizavesheni ni ardhi waliyobakiziwa wenyeji wa kwanza wa nchi hii baada ya nyingine yote kuchukuliwa. Nawaeleza ninyi vijana mnaotaka kujiandikisha, maana mimi hakuna aliyenieleza. Nilidhani tunakwenda kambini kwa wakimbizi wenzangu.

Sikusoma sana. Shule niliacha darasa la sita, huko Uvira, nikashika randa. Miaka ishirini na miwili nilikuwa seremala. Louisville, siku za kazi nilifunga maboksi kwenye ghala la Jeffersontown, na likizo yangu niliitoa kwa kanisa. Mkiona nimekosea kuandika, mnisamehe. Mbao nazijua.

Nyumba tuliyopewa ilikuwa ya mjane mmoja, Bi Lorraine. Alisimama mlangoni, juu ya ngazi nne za mbao zilizolegea, akanitazama nikikoroga rangi.

"Ngazi hizi zitaniua," alisema. "Ukuta haujawahi kunitisha."

Nilimpelekea maneno hayo kiongozi wa timu, mhasibu mstaafu, mtu mpole. Akaangalia karatasi yake. "Ndugu yangu, tumekuja na rangi. Hatukuja na mbao." Sikubishana. Nilikuwa mgeni. Na ule ukuta niliupaka vizuri, siwezi kusema vingine.

Mwaka uliofuata binti yetu Neema alijifungua, tukahamia Columbus kumsaidia. Kanisa la Clintonville, la dhehebu lile lile, lilinibadilisha kazi: nikawa mchambuaji wa nguo, yaani wa kutenga zinazovalika na za kutupa. Msimamizi wa ghala, mama mmoja mkali, alitufundisha kunusa kwapa la kila koti. "Usimpe mtu kitu ambacho usingempa dada yako," alisema. Yule namheshimu mpaka leo. Kiangazi tulipeleka magunia kule kule, na kundi jingine likaipaka nyumba ya Bi Lorraine rangi ya njano. Ngazi zilikuwa zile zile. Aliponiona alicheka.

"Wewe si yule wa bluu? Naona wamekushusha cheo."

Mwaka wa tatu tulikuwa Buffalo. Mke wangu alipata kazi ya kutunza wazee, tukaanza kusali kwenye kanisa la Kenmore. Huko ndiko tulikopata habari: Bi Lorraine alianguka kwenye zile ngazi wakati wa barafu, akavunjika nyonga. Alikuwa amewekwa kwenye nyumba ya wazee mjini, na wasimamizi wa huko walisema harudi kwake mpaka mlango wake uwe na ulalo, yaani njia ya mbao ya kushushia kiti cha magurudumu badala ya ngazi. Kanisa lilikubali kuujenga kwa wiki moja. Nilinoa misumeno yangu. Mke wangu aliniambia hajanisikia nikiimba hivyo tangu tufike nchi hii.

Mratibu wa kujitolea, ndiye bosi wa safari, aliniita ofisini.

"Wewe hutashika nyundo," alisema. "Nimekupa kazi kubwa zaidi. Kila siku baada ya chakula cha mchana utatoa ushuhuda wako ukumbini. Kupigilia misumari kila mtu anaweza. Hadithi yako hana mwingine."

"Bwana Mratibu, mimi ni seremala."

"Hata Yesu alikuwa," akasema, na wote mle ofisini wakacheka.

Basi nikawa shahidi. Mratibu na wanaume wanne wa maofisini walijenga, mimi nikavaa tai. Siku ya pili mtoto wa kiume wa Bi Lorraine, Ray, mtu mzima mwenye mvi, alinifuata nje ya ukumbi.

"Kwa hiyo wamekutoa Afrika uje utueleze sisi jinsi mtu anavyofukuzwa kwenye ardhi yake?"

Nilifikiri, nikaona ndivyo. "Ndiyo," nikasema.

Alicheka mpaka akakohoa. Nikacheka naye, halafu hasira ikanishika, na mpaka leo haijaniachia vizuri.

Alhamisi nilipita kuona kazi. Kanuni ya ulalo ni rahisi: kila inchi moja ya kimo, futi moja ya urefu. Kizingiti cha Bi Lorraine kilikuwa inchi ishirini na nane kutoka chini. Wao walijenga futi kumi na mbili. Sikuhitaji pimamaji kuona kwamba kiti kingeshuka pale kama gari lililokatika breki.

Nikanyamaza. Kwetu kanisani kiongozi hasahihishwi mbele ya wenyeji. Unangoja sala ya kufunga, unamshika mkono, unamwambia pembeni. Nikangoja. Jumamosi tulipiga picha juu ya ulalo, tukaomba, na kabla sijamfikia Mratibu alikuwa mlangoni mwa basi anahesabu watu. Nilimwambia njiani.

"Ulijua tangu Alhamisi?"

"Ndiyo."

"Kwa nini hukusema?"

Nililegeza tai yangu. "Basi tutarekebisha kiangazi kijacho," alisema, akafumba macho. Nataka niwe wa haki: alikuwa amepiga nyundo wiki nzima, viganja vyake vimejaa malengelenge. Lakini kiangazi kijacho, kwa mtu anayelala kwenye kitanda kisicho chake, ni tusi. Hapo nimeandika neno lenyewe, na silifuti.

Nyumbani mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa Kiswahili cha kwetu, chenye Kifaransa ndani.

"Donc, weye fundi uliona mbao zimekaa mubaya, ukaenda kushuhudia?"

"Nilikuwa nangoja sala iishe."

"Bon. Imeisha. Twende."

Jumamosi iliyofuata alinipeleka kwa gari lake. Ray alikuwa uani.

"Kanisa limekutuma?"

"Hapana. Nimekuja kuomba ruhusa tuubomoe."

Alikwenda kwenye gari lake akarudi na karatasi iliyokunjwa. Ulikuwa mchoro wa ulalo: futi ishirini na nane, na jukwaa la kupumzikia katikati. Ray ni fundi wa nyumba. Aliuchora mara tu mama yake alipoanguka, akawa anangoja zamu yake ya kupewa mbao na baraza la rizavesheni. Wiki yetu yote ile gari lake lilikuwa limeegeshwa ng'ambo ya barabara.

"Hakuna aliyeniuliza," alisema. "Hata wewe, mtu wa hadithi."

Kweli. Sanduku lake la vifaa nililiona kwenye gari hilo siku ya kwanza. Fundi hawezi kulikosa sanduku la fundi mwenzake. Nililiona, nikarekebisha tai yangu, nikapita. Wengine walikosea kwa kutojua, na mimi nilijua.

Tulibomoa. Tulitumia mbao zile zile na nyingine alizokopa kwa jirani. Yeye alikata, mimi nilishika. Ilikuwa kazi yangu ya nne, na ya pekee niliyopewa na mwenye nyumba. Jumamosi ya tatu tulimaliza, na Bi Lorraine akarudi majani yakianza kuanguka. Ray alimsukuma hadi juu bila kuhema. Bibi alizitazama kuta.

"Nyumba hii nilikuwa naipenda kabla hamjaja," alisema.

"Ilikuwa na rangi gani?" nikauliza.

"Ya mbao."

Sasa magoti yamekataa, nimestaafu. Sijui kama nilisaidia zaidi kuliko nilivyoharibu. Nimesoma daftari lote, halinipi jibu. Najua tu kwamba tulimpakia ukuta rangi mtu aliyekuwa akililia ngazi, na sisi tulikuwa watu wema, kila mmoja wetu.

Juzi Mratibu mpya alinipigia simu, dada wa kwetu, wa Bukavu, mwenye heshima zake.

"Papa Neema, wiki ijayo tunaenda rizavesheni. Rangi tumeshapata, mara hii ya kijani. Utakuja kututolea ushuhuda?"

"Na Ray amesemaje?" nikamuuliza.

"Ray ni nani?" akasema.