Kyakimwa na Mashine ya Simu za Goma

Kyakimwa alizaliwa Butembo, akaletwa Lubumbashi angali mdogo na baba yake, muuzaji wa jumla. Alisomea kompyuta, na katika yote akapenda jambo lililowachekesha nyumbani: joto. Ubongo wa kompyuta una viini vingi, alieleza, kama masufuria yaliyobanana juu ya mbabula moja ya makaa. Kimoja kikichemka, jirani naye hupata moto. Akaandika programu iliyotabiri kiini gani kitachemka, ikahamishia kazi kwenye kile kilichopoa kabla mambo hayajaharibika.

Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi, wafanyabiashara wa Kivu walioko Lubumbashi walimkabidhi mashine yao kuukuu, iliyounganisha familia zilizotengana kwa simu za intaneti. Ilikaa katika depo moja ya bidhaa, njia ya uwanja wa ndege wa Luano. Kiyoyozi kilikuwa kimeunguzwa na umeme wa kukatika na kurudi. Kyakimwa akaruhusu simu chache tu kwa zamu, akitegemea utabiri wake tu, na mashine ikavumilia.

Kisha Bukavu nayo ikaanguka. Watu wakafurika uani mwa depo wakitafuta ndugu zao.

"Kyakimwa, bantu banalia kule inje," alisema Casimir, mwenye depo. "Fungula simu zote."

"Papa Casimir, viini vyote vikijaa, sitakuwa na pa kuhamishia moto. Mashine itakufa."

"Na sasa iko inasaidia nani?"

Mlangoni alisimama Mama Adolphine, ambaye mwanawe Merdi hakuwa amesikika tangu vita viingie Goma. Kyakimwa akaondoa kikomo cha simu.

Simu zikaingia zote pamoja. Kwenye kioo, mistari ya utabiri ilipanda ikawa myekundu. Ilikuwa sahihi, wala haikumsaidia kitu. Mama Adolphine alishika simu kwa mikono miwili.

"Mama, ni mimi Merdi. Niko..."

Harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa chumbani. Feni zikanyamaza. Uani watu waliendelea kuita halo, halo kwenye simu zilizokatika.

"Alisema iko wapi?" aliuliza Mama Adolphine.

"Haikusikika, mama."

Namba aliyopigia Merdi ilikuwa ya kuazima, haikupokelewa tena. Kyakimwa alitafuta kipuri hadi Kipushi, akakikosa. Casimir alifunga depo, akavuka kwenda Zambia.

Siku hizi Kyakimwa anauza unga dukani kwa baba yake. Jirani mmoja alimletea kompyuta iliyozidi joto. Akaiwekea kiganja ubavuni, akaisikia ikiungua, akamrudishia bila kuifungua.