Lugha Iliyosema Pole

Nina hamu na Mwalimu. Nalisema mapema kwa sababu nikianzia kwingine nitajificha nyuma ya kampuni, na maficho hayo nimeyazoea.

Mwalimu ni Mkuria wa Kehancha aliyeletwa Rangwe kufundisha hesabu, siku zile nilipokuwa na kibanda cha kompyuta pale sokoni, nikiwachapia watu barua na kuwajazia fomu. Aliingia kuchapisha mtihani, tukaishia kubishana mchana kutwa kwa nini wanafunzi wake wanaogopa kompyuta. Yeye alisema kompyuta haiogopwi; kinachoogopwa ni kukaripiwa kwa Kiingereza kila ukikosea. Basi tukaamua kutunga lugha ya kompyuta kwa Kiswahili, kwani hicho ndicho tulichokuwa nacho sote wawili. Kijaluo, lugha yangu, alijua neno moja tu, nyamera, yaani dada yangu, na ndilo akawa ananiita.

Tuliiacha huria: yeyote aweze kuichukua, kuisoma na kuirekebisha bila kumwomba mtu ruhusa. Mimi niliandika injini yake. Yeye akaandika sehemu inayozungumza na anayekosea, na humo alitia ualimu wake wote. Ukikosea, lugha yetu ilikuambia: "Pole. Angalia mstari wa pili, kisha ujaribu tena."

Yeye ni Msabato, mimi ni Mkatoliki wa Asumbi. Jumamosi hakugusa kompyuta, nikafanya kazi peke yangu. Jumapili nikiwa misa, alishika yeye. Kila aliyebadilisha kitu alimwachia mwenzake ujumbe mfupi juu ya badiliko lenyewe. Jumatatu nilikuwa nawasha kompyuta kabla sijafungua dirisha la kibanda, nisome alichoniachia. "Nyamera, nimegusa injini yako kidogo, usinune." Nilikuwa nanuna kwanza, halafu nacheka.

Baadaye alihamishwa akarudi Kehancha, lakini ujumbe wa Jumapili haukukatika. Watu wa mbali tusiowajua wakaanza kutuletea marekebisho. Shule na vyama vya wakulima vikataka mtu wa kuvifundisha na kuvitengenezea programu. Nikafungua kampuni Homa Bay mjini. Lugha ilibaki bure, tukawa tunauza huduma. Mwalimu alifurahi kuliko mimi. Alisema yeye atabaki na chaki yake, mimi nikavae viatu vya ofisi.

Kisha wakaja wafadhili. Wakili wao akataka kila aliyewahi kuandika hata mstari mmoja asaini karatasi ya kuipa kampuni haki juu ya kazi yake. Akanipa barua iliyokwisha kuandikwa, nami nikaituma kwa wote kwa mpigo mmoja. Ilianza hivi: "Mpendwa mchangiaji."

Hapo ndipo nilipoharibu. Kwetu jambo zito hulitumi. Unalipeleka mwenyewe, unakaa, unakunywa chai, unauliza habari za mama na za ng'ombe, ndipo unalitoa. Nilijua, nimelelewa hivyo. Kutoka Homa Bay hadi Kehancha ni safari ya asubuhi moja, na mimi, mkurugenzi mzima, nikajiambia sina asubuhi moja. Wale wa mbali walisaini wote. Mwalimu hakusaini wala hakujibu, nami badala ya kwenda kwake nikaona ananikomoa. Nikanuna, ila safari hii sikucheka. Wakili aliposema basi kazi yake iondolewe, niliiondoa kwa mikono yangu mwenyewe, mstari kwa mstari, nikaandika nyingine mahali pake. Ya kwangu inasema: "Kosa: mstari wa 2."

Jumatatu iliyofuata sikukuta ujumbe. Wala haujaja mwingine tangu hapo, ingawa bado naangalia kabla sijavua koti.

Kampuni inaendelea vizuri, asante. Kila mgeni husifu jinsi ziwa linavyoonekana kutoka ofisini kwangu.

Mwezi uliopita nilikwenda. Nilimkuta darasani, vumbi la chaki limemjaa kwenye mkono wa sweta. Alitoka mpaka mlangoni. Hakuwa na hasira, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa hasira.

"Si ningesaini tu," alisema polepole, wanafunzi wasisikie. "Hata chai haingepoa. Lakini wewe uliniandikia kama mtu usiyemjua."

"Nimekuja sasa, Mwalimu."

"Naona. Karibu."

Akageukia darasa. "Simameni. Huyu ni mgeni wetu, ametoka kampuni ya Homa Bay."

Wakasimama wote, wakanisalimu kwa sauti moja. Nikaitikia. Nilikuwa nimesubiri neno lile moja la Kijaluo tangu nitoke nyumbani, na halikuja. Akanionyesha kiti cha nyuma penye kompyuta isiyo na mtu, akaendelea na somo lake.

Kwenye kompyuta ile kulikuwa na lugha yetu ya zamani, kama tulivyoiacha Rangwe. Ilikuwa huria, kwa hiyo hakuna karatasi ya wakili ambayo ingeweza kumnyang'anya. Nikajaribu kuandika kitu chepesi, kujumlisha namba mbili. Vidole vyangu vimezoea toleo la kampuni. Nikakosea.

"Pole," ikaniandikia. "Angalia mstari wa pili, kisha ujaribu tena."

Niliona kosa lilipo, alama moja tu imekosekana. Sikulirekebisha. Nikabonyeza tena vilevile, nipewe pole nyingine.